AFYA YETU: Chanjo ya Mtoto Wako Humkinga na Mtoto wa Jirani

Katika safu hii leo tutazungumza juu ya chanjo. Wengi wetu tunajua kwamba mtoto aliyechanjwa hukingwa na ugonjwa. Lakini kuna jambo la pili ambalo halijulikani sana. Watu wengi wakichanjwa, hata yule ambaye hakuchanjwa hupata kinga. Kinga hiyo haimo katika damu yake. Anaipata kwa wenzake wanaomzunguka. Wataalamu huiita kinga ya jamii.

Tutatumia mfano wa surua, kwa sababu surua ni ugonjwa unaoambukiza kwa haraka sana kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua. Tukiielewa surua, tutaelewa na mengine.

SURUA HUENEAJE?

Surua huletwa na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, vijidudu hivyo hutoka na kuelea hewani. Vinaweza kukaa katika hewa ya chumba kwa muda wa saa 2 hivi, hata kama mgonjwa mwenyewe ameshaondoka. Mtu anayeingia chumbani humo na kuvuta hewa hiyo anaweza kuambukizwa, ingawa hakumwona mgonjwa wala kumgusa.

Tena, mgonjwa wa surua huanza kuambukiza wengine siku 4 kabla ya vipele kutokea. Wakati huo mama anaona mafua, homa, kikohozi na macho mekundu tu. Anadhani ni mafua ya kawaida. Mtoto anakwenda kucheza, anakwenda shule, anabebwa mgongoni kwenda mnadani. Vipele vinapoonekana, tayari ameshawaambukiza wenzake.

Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18.

Surua si ugonjwa wa kudharau. Huleta nimonia, kuhara, usaha masikioni, vidonda vya macho na upofu. Mara nyingine huingia katika ubongo. Huua zaidi watoto wadogo na watoto wenye utapiamlo. Hakuna dawa inayoviua vijidudu vya surua. Katika zahanati tunampa mgonjwa vitamini A ili kuyalinda macho na maisha yake, na tunatibu nimonia na kuhara kunakofuata. Ndiyo sababu tunasema kinga ni bora kuliko tiba.

MFANO WA NYUMBA ZA NYASI NA NYUMBA ZA BATI

Ndugu msomaji, fikiri juu ya kijiji ambacho nyumba zote zimeezekwa kwa nyasi, tena zimejengwa karibu karibu. Ni kiangazi na upepo unavuma. Nyumba moja ikishika moto, cheche zinarukia ya pili, kisha ya tatu. Kabla ya jua kutua kijiji kizima ni majivu.

Sasa fikiri juu ya kijiji cha pili. Huko nyumba karibu zote zimeezekwa kwa bati. Mzee mmoja tu bado ana nyumba ya nyasi, nayo iko katikati ya nyumba za bati. Cheche zikitoka mbali, zinaanguka juu ya bati na kuzimika. Haziifikii nyumba ya mzee. Nyumba yake ni ya nyasi vile vile, na ingeweza kuungua vile vile. Imesalimika kwa sababu ya bati za majirani.

Mtoto aliyechanjwa ni kama nyumba ya bati. Mtoto asiyechanjwa ni kama nyumba ya nyasi. Vijidudu vya surua ni kama cheche. Cheche haiwezi kuishi peke yake. Lazima ipate mahali pa kushika. Isipopata, inakufa.

TUFANYE HESABU

Tuseme mtoto mmoja mwenye surua anakutana na watoto 15 kwa namna ambayo anaweza kuwaambukiza. Tutazame mambo manne.

Kwanza: hakuna hata mmoja mwenye kinga. Wote 15 wataugua. Kila mmoja wao akikutana na wengine 15, wataugua watoto 225. Kwa kuwa surua huchukua kama siku 10 hadi 14 kujitokeza baada ya kuambukizwa, yote hayo yanaweza kutokea katika mwezi mmoja.

Pili: watoto 12 kati ya 15 wana kinga. Watakaougua ni 3. Hao 3 wataambukiza 9. Hao 9 wataambukiza 27. Ugonjwa unakwenda polepole kidogo, lakini bado unaongezeka. Moto haujazimika.

Tatu: watoto 14 kati ya 15 wana kinga. Ataugua 1. Naye ataambukiza 1. Ugonjwa hauongezeki, lakini unajikokota.

Nne: wenye kinga ni zaidi ya 14 katika kila 15. Sasa wagonjwa wengi hawapati hata mtu mmoja wa kumwambukiza. Ugonjwa unakosa njia. Unakufa wenyewe.

Kumi na nne kati ya 15 ni sawa na karibu 93 kati ya 100. Hii ndiyo sababu wataalamu wa afya wanasema kwamba ili kuizuia surua, watu 95 katika kila 100 wachanjwe, tena wachanjwe mara mbili. Idadi hiyo haikutungwa ofisini ili kuwasumbua wananchi. Imetokana na hesabu kama hii tuliyoifanya sasa.

KWA NINI MARA MBILI?

Hapa kwetu Tanzania mtoto hupewa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Kina mama wengi huja mara ya kwanza. Mara ya pili wengi hawaji. Mtoto ameshaanza kutembea, mama amerudi shambani, na safari za kliniki zimepungua.

Lakini sikiliza, ndugu yangu. Mtoto mchanga huzaliwa na kinga kidogo aliyopewa na mama yake akiwa tumboni. Kinga hiyo huisha polepole. Wakati wa miezi 9, baadhi ya watoto bado wanayo kidogo, nayo huizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Kwa hiyo, tukiwachanja watoto 100 wenye miezi 9, wanaopata kinga ni kama 85. Wengine 15 wamechomwa sindano, kadi zao zimeandikwa, lakini kinga haikushika.

Pengine utauliza: basi kwa nini tusingoje mpaka wawe wakubwa zaidi? Hatungoji kwa sababu surua haingoji. Mahali ambapo surua bado ipo, huwapata watoto wadogo na kuwaua.

Sasa rudi katika hesabu. Kijiji kikichanja watoto 95 kati ya 100 mara moja tu, wenye kinga ya kweli watakuwa kama 81. Tumeona kwamba tunahitaji zaidi ya 93. Hatujafika. Chanjo ya miezi 18 ndiyo inayowapata wale ambao ya kwanza haikuwashika. Bila ya hiyo, bati za kijiji zina matundu.

NI NANI ANAYEKINGWA NA WENZAKE?

Kuna watu wasioweza kujikinga kwa chanjo ya surua hata wakitaka. Hawa ndio wanaotutegemea sisi.

Wa kwanza ni mtoto aliye chini ya miezi 9. Bado hajafikia umri wa chanjo, na ile kinga ya mama yake inapungua kila siku.

Wa pili ni yule ambaye alichanjwa lakini kinga haikushika. Yeye na wazazi wake hawajui jambo hilo.

Wa tatu ni mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imeshuka sana, kama vile mtoto anayetibiwa saratani ya damu. Chanjo ya surua ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mtu wa namna hiyo hawezi kupewa.

Wa nne ni mama mjamzito. Yeye pia hapewi chanjo hii. Tangu mwaka 2014 chanjo ya surua nchini kwetu hutolewa pamoja na chanjo ya rubela. Rubela ni ugonjwa mwepesi kwa mtoto. Lakini ukimpata mjamzito, hasa katika miezi ya kwanza, mtoto aliye tumboni anaweza kufa, au kuzaliwa kipofu, kiziwi au mwenye ugonjwa wa moyo. Basi unapomchanja mtoto wako, unamlinda pia mtoto wa jirani ambaye bado hajazaliwa.

SWALI LA MAMA MMOJA

Siku moja mama mmoja aliniuliza kliniki: "Mganga, mtoto wa dada yangu hakuchanjwa surua, na mpaka leo ni mzima. Mimi natembea saa mbili na mtoto mgongoni. Kuna faida gani?"

Swali lake ni la haki. Wengi wanalo moyoni ila hawalisemi. Nilimjibu hivi: "Mtoto wa dada yako ni mzima kwa sababu ninyi wengine mmetembea. Yeye ni nyumba ya nyasi kati ya nyumba za bati. Lakini mama, kila mtu akisema jirani atanichanjia, jirani huyo atatoka wapi?"

Alikuwa na mtoto wa pili mgongoni, mchanga wa miezi 5. Nikamwonyesha mtoto huyo. "Huyu sina sindano ya surua ya kumpa leo. Umri haujafika. Kinga yake ni huyu kaka yake unayemshika mkono. Kaka ndiye anayekwenda kucheza na wenzake na kurudi nyumbani. Akiwa na kinga, hataleta surua kitandani mnakolala." Mama alikaa kimya kidogo, kisha akampandisha kaka mapajani na kumshika mkono ili achanjwe.

IDADI YA KIJIJI INAWEZA KUTUDANGANYA

Kijiji kinaweza kusema: "Sisi tumechanja watoto 95 kati ya 100." Hiyo ni kazi nzuri. Lakini tuulize: wale 5 wako wapi?

Kama wametawanyika, mmoja mmoja katika kila kitongoji, wanakingwa na wenzao. Lakini kama wote wako katika kitongoji kimoja cha ng'ambo ya mto, au ni wa familia moja inayohamahama na mifugo, basi hapo pana nyumba za nyasi zilizokaa pamoja. Cheche moja inatosha. Kwa hiyo kamati ya afya ya kijiji isitazame idadi ya kijiji chote tu. Itazame kitongoji kwa kitongoji, nyumba kwa nyumba.

MAMBO YALIYOTOKEA KWELI

Wazee wetu wanakumbuka ndui. Wengine wana makovu usoni mpaka leo. Mwaka 1966, mashariki mwa Nigeria, wapiga vita ndui waliona kwamba chanjo waliyokuwa nayo haitoshi watu wote. Wakafanya hivi: walimtafuta kila mgonjwa, kisha wakawachanja watu wote waliokuwa karibu naye. Ndui ikakosa njia ya kutoka. Njia hiyo ilitumika katika nchi nyingi. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Leo watoto wetu hawaugui ndui, ingawa hawakuchanjwa ndui. Wanakula matunda ya chanjo ya babu na bibi zao.

Mfano wa pili uko Kilifi, pwani ya Kenya. Mwaka 2011 nchi hiyo ilianza kuwachanja watoto wadogo dhidi ya vijidudu vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Watafiti waliendelea kuhesabu wagonjwa. Magonjwa makali yanayoletwa na aina za vijidudu zilizomo katika chanjo yalipungua sana kwa watoto. Lakini yalipungua pia kwa watu wazima na wazee ambao hawakuchanjwa. Mjukuu alipochanjwa, aliacha kumwambukiza babu.

Mfano wa tatu ni wa huzuni. Samoa ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, yenye watu kama 200,000. Mwaka 2018 watoto wawili walikufa baada ya wauguzi kuchanganya chanjo na dawa isiyo yake. Kosa halikuwa la chanjo yenyewe. Lakini wananchi waliogopa, na watoto waliochanjwa wakapungua sana. Mwaka 2019 surua iliingia. Watu zaidi ya 5,700 waliugua, na 83 walikufa. Wengi wao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nao walipata mlipuko mkubwa uliozidi mwaka huo huo wa 2019. Waliokufa walikuwa zaidi ya 6,000.

Tunajifunza mambo mawili hapa. Sisi wahudumu wa afya tunapaswa kufanya kazi kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu imani ya wananchi ikivunjika, watoto hufa. Nanyi wananchi, mkiwa na wasiwasi, njooni mtuulize. Uvumi wa njiani usiwe daktari wenu.

HATA MBWA WANATUFUNDISHA

Kichaa cha mbwa ni mfano mwingine. Ili kukizuia, wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wachanjwe kila mara. Hata mbwa wote hawakuchanjwa, ugonjwa hukatika, na binadamu ambaye hakuchanjwa hukingwa. Kwa nini 70 na si 95? Kwa sababu mbwa mwenye kichaa huambukiza mbwa wachache tu, lakini mgonjwa wa surua huambukiza watu wengi. Ugonjwa unaoenea kwa haraka zaidi unahitaji watu wengi zaidi wachanjwe.

TUSIJIDANGANYE: PEPOPUNDA NI TOFAUTI

Kinga ya jamii hufanya kazi kwa magonjwa yanayotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Pepopunda haitoki kwa mtu. Vijidudu vyake vinakaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, navyo huingia mwilini kwa kidonda au kwa kitovu cha mtoto mchanga. Hata kijiji kizima kikichanjwa pepopunda, wewe usipochanjwa huna kinga. Kwa ugonjwa huo kila mtu hujiezekea bati lake mwenyewe, na mjamzito huchanjwa ili yeye na mtoto wake wakingwe.

TUFANYE NINI?

1. Mpeleke mtoto wako achanjwe surua akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Kama umechelewa, usione haya. Njoo. Tutakupokea.

2. Tunza kadi ya kliniki ya mtoto. Iweke mahali pasipo na mvua wala panya.

3. Mafua madogo au kikohozi kidogo si sababu ya kuacha chanjo. Mlete mtoto, nasi tutamtazama.

4. Baada ya chanjo ya surua, watoto wengine hupata homa kidogo au vipele vichache katika wiki ya pili. Huisha kwa siku chache. Ukiona homa ni kali au mtoto amelegea, mrudishe zahanati upesi.

5. Njooni kwa siku iliyotangazwa. Kichupa cha chanjo ya surua kikishachanganywa hakiwezi kutumika baada ya saa 6. Mkija pamoja, chanjo haipotei bure.

6. Ukiona mtoto ana homa, vipele, na kikohozi au mafua au macho mekundu, toa taarifa kwa mhudumu wa afya mara moja. Usimpeleke kucheza na wenzake. Asipelekwe nyumba yenye mtoto mchanga. Mtu akitangulia kuja kutuarifu, tutamtengea mgonjwa mahali, asikae pamoja na watoto wengine.

7. Wenyeviti wa vitongoji na kamati za afya waandike majina ya watoto waliofikia umri, nao wafuatwe walipo, hata ng'ambo ya mto na katika maboma ya wafugaji.

Mwaka 1973 wananchi wa nchi hii walishiriki katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo vijiji vizima. Walielewa kwamba choo chako peke yako hakikusaidii kama jirani anajisaidia vichakani, kwa maana inzi hajui mpaka wa shamba. Chanjo ni vivyo hivyo. Surua nayo haijui mpaka wa nyumba.

Nawaomba wazee wangu na mama zangu mnaosoma safu hii, someni na kwa jirani ambaye bado hajajua kusoma. Naye ana mtoto.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini nyumba ya nyasi ya yule mzee haikuungua?
2. Mtoto mwenye surua amekutana na watoto 15. Kati yao 10 wana kinga. Wangapi wataugua?
3. Kwa nini chanjo ya surua hutolewa mara mbili?
4. Taja watu watatu katika kitongoji chenu wasioweza kuchanjwa surua sasa. Nani anawakinga?
5. Kwa nini kinga ya jamii haitusaidii kwa pepopunda?

Mganga Msaidizi wa Zahanati ya Kijiji